Mwalimu wa uyoga

Nina digrii ya ualimu, Baiolojia na Kemia. Nilimaliza 2019. Nikajitolea miaka miwili shule moja ya kata, nikaomba ajira mpaka nywila ya akaunti naiota usiku 😅

Sasa nalima uyoga Kibaha. Ule mweupe, unaoitwa mamama.

Leo mchana wamekuja kina mama sita wa kikundi kujifunza. Nikawapa mfuko mmoja wa majani ya mpunga, wiki ya tatu tangu tupande mbegu. Ndani kumetanda nyuzi nyeupe kama utando wa buibui.

Bibi mmoja akarudi nyuma.
"Mwanangu, hii si imeshaoza?"

"Hapana bibi, huo ndio uyoga wenyewe. Tunachokula ni tunda lake tu. Na wala si mmea, hauwezi kujitengenezea chakula kwa jua. Unakula hayo majani."

Akaugusa kwa kidole, taratibu, kama anampapasa mtoto mchanga.

"Kumbe nao unakula kama sisi?"

Jamani! Nyuzi hizo nimezichora ubaoni mara ngapi, wanafunzi wananakili tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Niliosoma nao, mmoja anauza vifaa vya maabara, mwingine anatembeza watalii Udzungwa, anawaonyesha mbega wekundu. Wenye chaki mkononi wachache.

Bibi wakati wa kuondoka: "Asante, mwalimu."
Nimeitikia.

Wenzangu wa Baiolojia, mko wapi siku hizi? Mnafanya nini? Semeni hapo chini 👇🏾