Begi la kinanda: nenda dukani na futi

Napiga kinanda kwenye harusi hapa Dar, na usafiri wangu ni bajaji. Kasha gumu lenye kona za chuma nawaachia bendi zenye gari. Kinanda cha Yamaha PSR-SX900 peke yake kina kilo 11.5! Mimi ni wa begi la mgongoni. Ila sponji iwe nene na ngumu: ukibonyeza kidole gumba kikazama hadi chini, liache hapohapo dukani.

Na upime. Kinanda hicho kina urefu wa sentimita 101.7 na upana wa 43.1, kwa hiyo begi lililoandikwa "funguo 61" tu laweza kuwa jembamba mno. Zipu iwe na kifuniko, maana mvua ya masika hupenyea hapo. Adapta na pedali ziwe na mfuko wake wa nje, zisije zikagandamiza skrini.