Stima Ikirudi, Seva Iamke Yenyewe

Saa moja kasorobo asubuhi. Niko kwenye feri ya Likoni, simu inalia: "Kaka, stima ilipotea usiku. Imerudi, lakini ule ukurasa wa mizigo haufunguki." Ni dada wa mapokezi, ofisi ya wakala wa forodha pale Moi Avenue.

Saa mbili. Mashine imewaka, kilicholala ni nginx, programu inayoutoa huo ukurasa. Fundi aliyenitangulia aliijenga mwenyewe kwenye /usr/local/nginx, ikawa inawashwa kwa mkono. Angeichukua ile inayokuja na Debian, mfumo endeshi wa mashine hii, faili ya huduma, ile ya kuiambia mashine iiwashe vipi, ingekuwemo tayari, nami saa hizi ningekuwa kwenye mahamri na mbaazi.

Saa tatu naiandika mwenyewe faili hiyo, /etc/systemd/system/nginx.service, isomwe na systemd, msimamizi wa huduma mashine inapowaka. Si ndefu: Type=forking, PIDFile, ExecStart (amri ya kuiwasha) yenye njia kamili, na mwisho WantedBy=multi-user.target, yaani iwashwe mashine inapowaka kama kawaida. Bila mstari huo, enable, amri ya kuisajili iwake yenyewe, haina pa kushika. Halafu systemctl daemon-reload, systemd isome faili mpya, kisha systemctl enable --now nginx. Start peke yake huiwasha sasa hivi tu. Enable peke yake huingoja mashine iwake tena. Ukurasa umefunguka. Mwenye ofisi anasema, "Haya, kazi kwisha." Bado, mzee, tuizime mashine kwanza.

Saa nne na nusu, reboot. Hakuna kitu! journalctl -b -u nginx, amri ya kusoma kumbukumbu za nginx tangu mashine iwake, inaonyesha kosa namba 99: nginx imeamriwa isikilize 192.168.1.10 pekee, na inapoamka ruta haijaipa mashine anwani hiyo. Kuifanya isikilize kila anwani ni rahisi, ila mzee hataki ukurasa uonekane kwenye waifai ya wateja, na ana haki. Basi kwenye sehemu ya [Unit] ya ile faili naongeza Wants=network-online.target na After=network-online.target, ili nginx ingoje mtandao uwe tayari. Zote mbili, maana After hupanga foleni tu, haimwiti mtu; anayeita ni Wants. Kwenye [Service] natia Restart=on-failure na RestartSec=5, yaani ikianguka ijaribu tena baada ya sekunde tano, kwa sababu ile ruta ni mvivu kupita kiasi.

Adhuhuri: swala, viazi karai, ukwaju.

Saa nane nazima mashine kwa poweroff, kisha swichi kuu, ruta nayo ikafa. Tunawasha vyote pamoja bila kugusa kibodi. nginx inaanguka mara moja, inajiinua, ukurasa unafunguka. Dada wa mapokezi ameshaanza kuingiza kontena za Kilindini. Mzee ananiuliza kama UPS, betri ya akiba stima ikipotea, haingekuwa rahisi kuliko bili yangu.