Sentensi Sahihi Inaweza Kusema Uongo

Ninaposahihisha mazoezi ya Kiingereza ya kuandika "kweli" au "si kweli" mbele ya kila kauli, kosa ninalolikuta mara nyingi ni la kuchanganya usahihi wa sentensi na ukweli wa jambo linalosemwa. Chukua "The sun rises in the west". Kiima ni cha umoja, kitenzi kimepata s yake, kisarufi haina dosari. Ila jua halichomozi magharibi. Sasa tazama "The sun rise in the east": jambo ni kweli tupu, lakini kitenzi kimekosa s, na anayeandika "si kweli" hapo amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Mambo huwa magumu zaidi pale kauli yenyewe inapohusu sarufi. "An is used before every word that begins with a vowel letter" wengi huipitisha mbio, kwa kuwa ndivyo walivyokaririshwa. Hata hivyo tunaandika "an hour" na "a university", kwa sababu kinachoamua ni sauti, si herufi: h ya "hour" haitamkwi, nayo "university" huanza kwa sauti ya y. Kinachoiangusha kauli hiyo ni "every". Weka "many words that begin" mahali pa "every word that begins", nayo itasimama.

Linalotutatiza hasa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili ni ukanushi. Ukiulizwa "Hukusoma?" nawe kweli hukusoma, unaweza kujibu "Ndiyo, sikusoma", maana "ndiyo" yetu inakubaliana na maneno ya muulizaji. Kiingereza hutazama jibu lenyewe: likiwa la kukanusha, huanza kwa "no", yaani "No, I didn't". Ndiyo maana kauli kama "The noun sheep does not take s in the plural" huwaponza wengi. Mwanafunzi anajua fika kwamba nomino hiyo haiongezewi s, lakini akishaona "not", mkono unaandika "si kweli".

Namshauri akiondoe kwanza kikanushi, abaki na "The noun sheep takes s in the plural" (kitenzi nacho kikirudishiwa s yake), aamue kwamba hiyo si kweli, kisha airudishe "not" na kuligeuza jibu. Mwanzoni hufanya hivyo polepole, akinong'ona, kidole kikiwa juu ya neno hilo moja.