Halloween: watoto barabarani, mbwa chumbani

Ndugu zangu mlioko Marekani na Kanada, Oktoba 31, siku ya Halloween, watoto waliovaa mavazi ya kuigiza watapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Vazi liishie juu ya kifundo cha mguu. Likiburuta, mtoto hujikwaa ngazini. Kinyago humziba asione gari linalotoka pembeni, heri rangi za usoni, nazo zijaribuni mkononi siku moja kabla. Mgongoni bandikeni utepe unaoakisi taa za magari. Wa chini ya miaka 4 asipewe pipi ngumu, zinakaba.

Kwa mbwa ndiko wengi tunakosahau. Chokoleti ni sumu kwake, na kadiri ilivyo nyeusi ndivyo inavyozidi ukali. Zabibu kavu huweza kumuua figo. Ninachokihofia zaidi ni chingamu isiyo na sukari: ikiandikwa xylitol, yaani kiongeza utamu badala ya sukari, huweza kumshusha sukari ya damu ndani ya nusu saa, akaanza kuyumba. Msimtapishe wenyewe, mpigieni daktari wa mifugo mara moja, karatasi ya pipi ikiwa mkononi.

Mlango ukifunguliwa kila dakika, mbwa huchomoka. Kabla ya giza mfungieni chumba cha nyuma na maji yake, ukosi wenye namba ya simu ukiwa shingoni.