Barua pepe zangu na faili nililoliruka

Kwa miaka kadhaa nilijihesabu miongoni mwa watu waangalifu, kwa sababu kila mwisho wa mwezi nilichomeka flashi kwenye kompyuta na kunakili folda nzima ya Thunderbird, programu ninayoitumia kusomea na kuandikia barua pepe. Nakala yenyewe sikuwahi kuifungua hata mara moja. Niliona folda ipo, jina ni lile lile, basi nikaamini kuwa na vilivyomo vimo. Nilipobadilisha kompyuta, nikaifuta diski ya ile ya zamani na kumpa ndugu yangu, kisha nikairejesha nakala kwenye mashine mpya. Folda ndogo ndogo za risiti, mikataba na barua za familia zilirudi zote, lakini kikasha cha barua zilizoingia kilifunguka kikiwa kitupu.

Sababu niliipata nilipokaa na kuichunguza ile flashi. Ilikuwa imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4, na faili langu la Inbox, yaani kikasha hicho cha barua zilizoingia, lilikuwa limeshauvuka mpaka huo. Kompyuta haikunificha jambo hilo: ilikuwa ikiniambia kila mwezi kwamba faili ni kubwa mno kwa mahali linapopelekwa, ikaniwekea kitufe cha kujaribu tena, cha kuruka na cha kughairi, nami nikabonyeza cha kuruka ili kazi iishe nikalale. Tena, kwa kutafuta nafasi, nilikuwa nikiifuta nakala ya mwezi uliopita kabla ya kuweka mpya, kwa hiyo hata ile ya zamani iliyokuwa nzima sikubaki nayo.

Kilichonidanganya zaidi ni kwamba ndani ya flashi kulikuwa na faili liitwalo Inbox.msf, nami kwa kutazama haraka nikadhani ndilo lenyewe. Thunderbird huweka mafaili mawili kwa kila folda ya barua. La kwanza halina kiambishi chochote mwishoni mwa jina, huitwa Inbox tu au Sent tu, na ndilo lenye barua zote zikiwa zimeunganishwa moja baada ya nyingine kwa muundo uitwao mbox. La pili, lenye .msf, ni faharasa inayoiwezesha programu kuonyesha orodha ya vichwa vya habari, watumaji na tarehe bila kulisoma faili kubwa lote. Faharasa ikipotea, programu huitengeneza upya yenyewe kutoka kwenye barua, lakini barua zikipotea, faharasa haiwezi kuzirudisha. Mimi nilikuwa nimehifadhi orodha ya yaliyomo na kuliacha sanduku.

Napendekeza kwa yeyote anayetumia programu hii alifungue faili dogo la mbox, angalau mara moja, kwa kihariri cha maandishi ya kawaida. Utakuta kila barua inaanza na mstari wa namna hii: «From - Tue Mar 12 08:14:22 2019», na chini yake mstari wa X-Mozilla-Status wenye tarakimu nne. Ikiwa ni 0001, barua imesomwa. Ikiwa ni 0009, ilisomwa kisha ikafutwa, ila bado imo humo humo, kwa kuwa kufuta huku ni kuipiga alama tu, na barua huondolewa kikweli pale programu inapolibana faili, yaani kuliandika upya bila zile zilizofutwa. Ukiwahi kabla ya kubana, unaweza kuifunga programu, ukalinakili faili kwanza kwa usalama, ukabadilisha 0009 kuwa 0001, ukafuta lile la .msf, na barua itajitokeza tena ukifungua. Viambatisho navyo vimo humo humo, vikiwa vimegeuzwa kuwa maandishi ambayo kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4, na ndiyo maana kikasha chenye picha nyingi hunenepa kwa kasi kuliko mtu anavyotarajia.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kwa nini mtu ajisumbue na haya yote ilhali barua ziko kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma. Jibu hutegemea namna akaunti ilivyounganishwa. Mimi nilitumia POP3, njia ya kupokea barua ambayo huzishusha barua kwenye kompyuta na, kwa jinsi nilivyoiweka mwenyewe, kuziacha kwenye seva kwa siku 14 tu, hivyo baada ya mkasa wangu nilizipata za wiki mbili za mwisho na si zaidi. Wanaotumia IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva na kuionyesha kompyuta yaliyomo humo, wana nafuu kwa upande wa kompyuta kuharibika, kwa sababu barua zitashuka tena kwenye mashine mpya. Hata hivyo, IMAP kazi yake ni kulinganisha, wala si kuhifadhi: ukifuta barua kwenye simu, hufutika kwenye seva, na kompyuta nayo ikiunganishwa huifuta kwa utiifu. Akaunti ikifungwa, au mwajiri akiizima siku unapoondoka kazini, utakachobaki nacho ni kile tu ulichokiweka nje ya mlinganisho huo. Njia nyepesi ni kutengeneza folda chini ya zile zinazoitwa Local Folders, ambazo haziendi kwenye seva yoyote, na kuzinakili humo barua unazozithamini. Ninasema kuzinakili, maana ukizihamisha zitaondoka kwenye seva.

Siku hizi ninachohifadhi ni folda yote ya wasifu, ambamo programu huweka kila kilicho changu, wala si barua peke yake. Kwenye Windows imo ndani ya folda ya AppData\Roaming\Thunderbird\Profiles, kwenye Linux kwa kawaida ni .thunderbird ndani ya folda ya mtumiaji, na kwenye Mac ni Library/Thunderbird/Profiles. Humo mna barua za POP3 na za folda za ndani katika Mail, za IMAP katika ImapMail, kitabu cha anwani katika abook.sqlite, mipangilio yote ya akaunti katika prefs.js, na nywila katika mafaili mawili, logins.json na key4.db, ambayo lazima yaende pamoja kwa kuwa moja ni kufuli na jingine ni ufunguo wake. Kwa sababu hiyo hiyo nakala hiyo haifai kuachwa ovyo: anayeipata, kama hukuweka nywila kuu kwenye programu, amepata na njia ya kuingia kwenye akaunti zako. Yangu iko kwenye diski ya nje iliyosimbwa, yaani isiyosomeka bila nywila, yenye mfumo wa NTFS usiokuwa na kikwazo cha GB 4.

Mimi huifunga programu kabisa kabla ya kunakili. Ikiwa wazi, inaweza kuwa katikati ya kuandika barua mpya au kubana folda, na nakala ikatoka na faili lililokatika njiani. Matoleo ya karibuni yana zana yake ya kuhamisha data inayotengeneza faili moja la zip, ila haivuki GB 2, kwa hiyo kwa mtu mwenye barua za miaka mingi kunakili kwa mkono bado ndiko kunakotegemewa.

Katika kurejesha, mahali watu wengi wanapokwama ni toleo la programu. Thunderbird ya zamani hukataa kufungua wasifu uliowahi kutumiwa na toleo jipya zaidi, basi sakinisha kwanza toleo lililo sawa na la awali au lililo jipya kuliko hilo. Kisha ifungue programu kwa kuongeza -P mwishoni mwa amri ya kuifungulia (thunderbird -P), nalo dirisha la kuchagua wasifu litatokea. Hapo tengeneza wasifu mpya na uelekeze kwenye folda uliyoirudisha. Ninaipenda njia hii kuliko kumwaga mafaili juu ya wasifu uliopo, kwa sababu kosa likitokea ule wa mwanzo haujaguswa. Ukitaka kuzirudisha barua kwenye seva ya IMAP, zikokote kutoka folda za ndani kwa mafungu ya mia chache, maana ukipeleka maelfu kwa mkupuo muunganisho hukatika na utabaki hujui zilizofika ni zipi.

Kwa wanaotumia Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, niseme moja tu. Faili lake la barua la aina ya PST linaweza kunakiliwa na kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine, lakini la OST ni akiba iliyofungamana na akaunti, na kulinakili peke yake hakukupi kitu cha kurejesha. Toa barua kwa kuziingiza kwenye PST ukingali unaweza kuifungua akaunti.

Jumamosi iliyopita nilifanya jaribio langu la robo mwaka. Nilitengeneza wasifu wa muda kutoka kwenye diski ya nje, nikakata intaneti, nikailinganisha idadi ya barua katika kila folda na ile ya wasifu ninaoutumia, kisha nikatafuta barua moja ya mwaka 2021 yenye kiambatisho cha kurasa 38. Ilichukua dakika moja hivi kufunguka, kwa kuwa nilikuwa nimeifuta faharasa makusudi, lakini ukurasa wa 38 ulikuwepo, na sahihi yangu chini yake.