Siku moja maishani mwangu: vua soksi zote mbili

Saa 2:00 asubuhi. Kabla ya swali lolote naomba viatu na soksi vivuliwe, miguu yote miwili. Mama mmoja anasita: "Unaowasha ni huu wa kulia tu, daktari." Namwomba radhi, navuta taa. Wa kushoto ndio wa kulinganishia.

Aliambiwa ni pumu ya ngozi, akapaka krimu ya steroidi miezi mitatu. Mwasho ulitulia, lakini magamba yametambaa hadi kifundoni. Nakwangua ya ukingoni, naweka kwenye kioo, nadondoshea potasiamu haidroksaidi, nasubiri. Chini ya hadubini: nyuzi ndefu zenye matawi. Fangasi. Steroidi hufifisha dalili huku fangasi wakijitanua. Inaniuma kweli, kipimo ni cha dakika chache, naye amepoteza miezi.

Saa 4:00. Kijana ana upele upande wa juu wa miguu yote miwili, umefuata umbo la kiatu, ila katikati ya vidole ni pasafi. Fangasi hupenda hapo hapo, hasa kati ya kidole cha nne na cha tano. Nashuku kiatu chenyewe: gundi, mpira, au kromiamu ya kusindikia ngozi. Nambandika mgongoni viraka vya majaribio vyenye vitu hivyo, nione ngozi inakataa kipi. Nitavibandua baada ya saa 48, na siku ya nne nisome tena.

Saa 6:00 mchana. Sugu au chunjua? Napunguza ngozi ngumu: michirizi ya ngozi imekatika, vidoti vyeusi vinajitokeza. Chunjua.

Saa 8:00. Mzee, rangi ya kahawia upande wa ndani wa kifundo, ngozi inawasha. Vena hazirudishi damu vizuri. Bandeji ya kubana itamfaa, lakini kwanza napima ateri. Zikiwa zimeziba, bandeji itamdhuru.

Saa 10:00 jioni. Dada mmoja ana mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba. "Nilijikwaa, daktari." Damu iliyovilia husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Huu, kwa picha za simu yake, haujasogea tangu mwaka jana. Umepanuka tu, na weusi umevuka hadi kwenye ngozi ya shina la ukucha. Melanoma, saratani ya ngozi, iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, akiwa na miaka 36, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Ngozi nyeusi haitukingi na hiyo.

Simwambii ni saratani, maana bado sijaithibitisha. Namwambia kesho asubuhi tutakata kipande kikapimwe. Anauliza kama aje na mtu.

"Ndiyo," namjibu. "Njoo na mtu."