Riwaya za Taharuki na za Familia: Nilivyozimaliza bila Kusoma Mwongozo

Mtu akikuambia kwamba riwaya ya taharuki hunoga zaidi ukianza na mwongozo wake, yaani kile kijitabu cha kuichambulia wanafunzi, mshukuru kwa nia njema kisha usimfuate. Ushauri huo nilipewa na mwenzangu wa kazini aliyewahi kufundisha Fasihi sekondari, naye akaufuatanisha na mwingine: nisichanganye vitabu viwili kwa wakati mmoja, nianze na vitabu vizito ndipo niviendee vya upelelezi, na nisisome kwa sauti, kwani hiyo ni kazi ya watoto wa darasa la pili. Ushauri wote huo nimeukiuka, na tangu masika yaanze hadi sasa rafu yangu ndogo ya riwaya za Kiswahili imesomwa karibu yote, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu nilipomaliza shule. Ninaona fahari kulisema.

Habari ya mwongozo ndiyo iliyoniudhi kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Nilikuwa nimeinunua *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika katikati ya mji wa Dar es Salaam, kwa shilingi elfu chache tu. Riwaya hii iliwahi kutahiniwa shuleni, na hasa Kenya wapo watu wazima wengi wanaoikumbuka kwa sababu ya mtihani, ndiyo maana miongozo yake haikosekani. Mwenzangu akaniletea mmoja, umechakaa na kupigwa mistari ya kalamu nyekundu kila ukurasa, akaniambia, "Pitia huu kwanza, dada, usije ukapotea njiani." Nikafungua sehemu ya wahusika, na aya moja tu chini ya jina la Bi Farashuu ikatosha kuniharibia kitabu. Katika riwaya yenyewe unamwona mama huyu akiikaribia nyumba ya Maksuudi, tajiri mwenye jina na heshima mjini, ambaye ndani ya kuta zake mwenyewe amemfungia mkewe Bi Tamima na binti yake Maimuna wasione jua la nje. Unahisi kwamba mama huyu ana jambo, unaona ulimi wake mtamu, lakini hujui anamtakia nini mwenye nyumba, na mwandishi anakuacha na swali hilo makusudi ili kila neno la Bi Farashuu ulipime mara mbili. Mwongozo ulikuwa umenijibu swali hilo kabla sijalipata. Nikabaki kusoma riwaya nzuri kama mtu anayesoma kumbukumbu za kikao alichohudhuria.

Bado niliipenda. Hofu ya Maimuna anapokaribia mlango ambao hajawahi kuuvuka imeandikwa kwa ustadi wa kukubana kifua, na sidhani kwamba nimewahi kusoma kwingine namna ukali wa baba unavyoweza kuifanya nyumba nzima inong'one. Lakini niliibiwa, na kilichoibwa hakirudi, kwa kuwa riwaya yenye siri husomwa kwa mara ya kwanza mara moja tu.

Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu ambao nauona kuwa bora kuliko ushauri wote niliopewa. Kabla sijaanza riwaya yoyote, humpa mwanangu mkubwa, naye hukivisha kitabu jalada la gazeti kama tulivyokuwa tukivisha madaftari shuleni, ili maneno ya jalada la nyuma yasionekane. Kisha hutafuta dibaji na utangulizi, huzikunja kurasa hizo pamoja na kuzibana kwa kibanio cha karatasi. Wahakiki wetu wana maneno ya thamani sana, nami huyasoma yote, ila nafasi yake ni baada ya ukurasa wa mwisho. Ndani ya jalada hilo la gazeti mwanangu huandika kwa penseli maneno mawili tu, jina la kitabu na mwaka, basi.

Kitabu cha kwanza kuvishwa hivyo kilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla. Riwaya hii ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1960, na ndani yake ndimo msomaji anapomkuta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Tajiri mwenye mashamba, Bwana Ali, anakutwa amekufa mahali penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa hapigi mtu wala hafyatui bastola. Anauliza, ananyamaza, anavuta kiko, anauliza tena. Nilijifunza mapema kwamba kwa mwandishi huyu huwezi kusoma huku akili iko kwingine, kwa maana kila jamaa anayetajwa kwenye mazungumzo ya kawaida ana mahali pake katika ukoo, na kisa chote kimelala humo kwenye ukoo. Nikachukua karatasi kubwa ya kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza upande mweupe, nikaibandika ukutani jikoni na kuanza kuchora nasaba: nani kamzaa nani, nani kamwoa nani, nani anadai nini. Jina lililonitilia shaka nililizungushia duara. Kabla ya nusu ya kitabu kalenda ilikuwa na mistari inayopishana hadi pembeni, na mume wangu akawa anasimama mbele yake na kikombe cha chai, akitoa maoni juu ya watu ambao hajawasoma.

Baadaye, kibanio kilipofunguliwa nami nikaanza kutafuta habari za mwandishi, nikakuta kwamba mzaliwa huyu wa Makunduchi alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kwa miaka mingi Unguja kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Nilifurahi sana, kwa sababu macho ya mkaguzi wa afya yamo katika kila chumba anachokieleza: yanatazama mlango, dirisha, kitanda, sakafu, halafu ndipo yanapomtazama mtu.

Wanaosema kwamba riwaya za upelelezi ni nyepesi wanazichanganya zote pamoja. Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba aliyejitokeza katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974, ni mtu wa aina nyingine kabisa: anakimbia, anapanda ndege, anapigana, na nyuma yake kuna harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, ambazo katika miaka ile zilikuwa jambo la kila siku Dar es Salaam. Hiyo niliisoma ndani ya daladala asubuhi na jioni, na inafaa sana kwa safari kwa kuwa sura zake hukatika mahali pazuri wala hulazimiki kukumbuka shangazi wa mtu. Bwana Msa nilimwachia nyumbani, penye kalenda.

Sasa nifike kwenye riwaya za familia, ambazo ndizo nilizozichanganya na za taharuki kinyume cha ushauri. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga kwa ajili ya matibabu ya macho, akawa haruhusiwi kuyachosha, na jioni zilimwia ndefu. Nikaichukua *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, nikamsomea kwa sauti huku akimenya karanga kwenye ungo. Nilikichagua kitabu hicho kwa sababu kinaanzia kwao. Mama yake Kongowea, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu, anaitwa Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu Tanga, na nilipofika anapotajwa kwa sifa za sauti yake, mama mkwe aliuweka ungo chini.

"Soma tena hapo, mwanangu."

"Wapi, mama?"

"Hapo anapoimba."

Nikasoma tena. Akaanza kunieleza habari za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyoipa Tanga jina, na namna magitaa yao yalivyowatofautisha na taarabu ya Unguja, na sauti ya mwimbaji Shakila ilivyokuwa ikitoka kwenye redio hadi mtu anasahau chungu jikoni. Alizungumza mpaka wanangu wakasogea. Mimi nilikaa kimya na kidole kwenye mstari, kwa maana nilikuwa nikipata kwa wakati mmoja riwaya na ushahidi wake. Zainabu alipofariki dunia na kumwacha mtoto, mama mkwe hakurudi tena kwenye karanga.

"Na baba wa mtoto yuko wapi?"

"Ndiye tunayekwenda kumtafuta, mama."

"Basi usilale mapema leo."

Hapo nikaelewa kitu ambacho mwenzangu wa kazini hakunieleza katika maneno yake yote. *Siku Njema* huwekwa kwenye fungu la riwaya za kuinua moyo, na ni kweli inainua, lakini kinachomvuta msomaji kutoka Tanga mpaka ndani ya Kenya pamoja na yule kijana ni uchunguzi. Kongowea anakusanya dalili za baba kama Bwana Msa anavyokusanya dalili za muuaji: jina, sehemu, neno alilolisikia kwa mtu mzima. Na Bwana Msa naye, ukiitazama ile kalenda yangu, anafanya kazi ya kuisoma familia. Tangu nilipoliona hilo sijatenganisha tena mafungu hayo mawili. Najikuta nikiuliza maswali yale yale kwa kila kitabu: katika nyumba hii nani anajua, nani anafichwa, na nani atalipa siku itakapofunuka?

Kusoma kwa sauti nako kumenifunza mahali pa kukomea. Usikomee mwisho wa sura, kwa maana hapo msikilizaji ametua. Komea pale mhusika anapobisha hodi, au anapofungua barua na kabla hajaisoma. Wanangu walianza kuosha vyombo kabla ya kuambiwa, ili kisomo kiwahi, na mdogo alipojaribu kuibia ukurasa wa mbele akakemewa na nduguye mwenyewe. Kurasa za watu wazima huzipitia mimi mwenyewe mchana, nikajua za kuruka.

Ndivyo nilivyofanya na *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ambayo kwangu ndiyo iliyounganisha taharuki na joto la nyumbani kuliko nyingine zote nilizosoma msimu huu. Ni Unguja ya wakati wa ukoloni. Yasmin, msichana mdogo wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza aliyemzidi umri kwa mbali, anaiacha ndoa hiyo na kupokelewa mtaa wa Ng'ambo na Mwajuma, ambaye si ndugu yake wa damu wala wa dini. Kwa upande mwingine yuko Denge, mwanaharakati anayesakwa na polisi wa Inspekta Wright, na kila anapoingia mahali unasikiliza nyayo za nyuma yake. Wengi humkumbuka Denge. Mimi nakikumbuka zaidi chumba cha Mwajuma, ufukara wake na ukarimu wake, na namna msichana aliyekosa kwao anavyopata pa kuweka kichwa bila kuulizwa maswali mengi. Filamu ya riwaya hii, ya Amil Shivji ya mwaka 2021, niliitazama baadaye, na ni nzuri, lakini nafurahi kwamba sura ya Mwajuma nilikuwa nimekwisha kujichorea mwenyewe.

Nina lalamiko moja zaidi. Ndugu mmoja alinisihi nimsomee mama mkwe *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, kwa madai kwamba ni riwaya ya familia na itamtuliza. Ni ya familia kweli: Zakaria, Regina na watoto wao kisiwani Ukerewe. Ni kazi kubwa pia, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni na ikarudi. Lakini mtu aliyeisoma hawezi kuiita ya kutuliza. Mwanzoni tu Zakaria anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua kutoka kwa mvulana, na kutoka kipigo hicho kitabu hakikupi nafasi ya kupumua hadi mwisho. Niliisoma peke yangu, mchana, na ilistahili kusomwa hivyo. Kumsomea mgonjwa usiku ingekuwa ukatili. Anayependekeza kitabu kwa mtu mwingine anapaswa kwanza kuwa amekisoma mwenyewe, na kuuliza yule mtu anapitia nini.

Sasa hivi nina *Kisima cha Giningi*, riwaya nyingine ya Bwana Msa, ya mwaka 1968, na pembeni yake *Kurwa na Doto* ya Muhammed Saleh Farsy, ambayo watu huisahau ingawa ni ya mwaka ule ule wa 1960 kama *Mzimu*. Ni kitabu kifupi, cha mapacha wa kike wenye sura moja na tabia mbali katika kijiji cha Unguja, na mwandishi ana subira ya kueleza maisha ya kijiji kipengele kwa kipengele hadi msomaji wa bara kama mimi anajiona amealikwa. Maneno ya Kiunguja yanayonishinda nayaandika pembeni mwa kalenda, na mama mkwe huyafumbua kwa simu akiwa Tanga.

Kilichobaki ni *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965. Nimewauliza wauzaji wote ninaowafahamu bila kufanikiwa. Mwenye nakala naomba aniuzie, au aniazime kwa muda, na asiniambie muuaji ni nani.